Jina lako liko kwenye daftari lipi?

Kati ya Oktoba 2024 na Mei 2025, mkazi wa Dar es Salaam aliitwa kujiandikisha mara tatu. Kwanza ilikuwa Oktoba 11 hadi 20, 2024. Akaitwa tena Machi 17 hadi 23, 2025. Ilipofika Mei, tangazo jingine likatoka. Si ajabu watu walichanganyikiwa. Wapo walioandikwa mara moja wakaona wamemaliza, na wapo walioona wanasumbuliwa wakabaki na shughuli zao. Mtu wa namna hiyo hufika kituoni siku ya kura akiwa na uhakika kwamba jina lake lipo, kumbe halijawahi kuwepo.

Uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 umeacha majonzi na maswali mazito, na mengi kati ya hayo hayatoshi kwenye makala moja. Hapa nashika kipande kimoja tu: daftari la wapiga kura ni kitu gani, kuliboresha ni kufanya nini, na nani hasa anakaa nyuma ya ile meza kuandika jina lako. Bila kukielewa kipande hiki, hata yale maswali makubwa tutayauliza upogo.

Orodha ya mtaa siyo Daftari la Kudumu

Daftari la Kudumu la Wapiga Kura ndilo linalotumika kumchagua Rais, mbunge na diwani. Linatunzwa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, ambayo kabla ya sheria mpya za 2024 tuliijua kama Tume ya Taifa ya Uchaguzi. Daftari lilianza kuandikwa 2004 na likatumika kwa mara ya kwanza kwenye uchaguzi mkuu wa 2005. Zamani kila uchaguzi ulikuwa na uandikishaji wake. Ukishapita, orodha imekwisha kazi.

Ile ya Oktoba 2024 ilikuwa habari nyingine kabisa. Ilikuwa orodha ya kumchagua mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wa kamati yake, uchaguzi uliofanyika Novemba 27, 2024 chini ya TAMISEMI, yaani Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Ulifika, ukataja jina na umri, ukaandikwa, ukatia saini, ukaondoka. Hukupigwa picha, hukuchukuliwa alama za vidole, wala hukupewa kadi. Orodha ile ilikuwa ya uchaguzi ule tu na haikuhamia kwenye daftari la Tume.

Mkanganyiko ulikwenda pande zote mbili. Aliyeandikwa mtaani Oktoba aliona Machi haimhusu. Mwenye kadi ya mpiga kura naye alisema yeye ameshaandikishwa tangu 2015, ya nini kupanga foleni kwa mwenyekiti? Wote wawili walikosea. Kadi ya Tume haikukuingiza kwenye orodha ya mtaa, na orodha ya mtaa haikukuingiza kwenye daftari la Tume. Kipimo chepesi ni hiki: kama hukukaa mbele ya kamera ukaweka vidole kwenye kifaa, hujaandikishwa kwenye Daftari la Kudumu.

Kwa nini iwe hivi? Sheria ya Tume ya 2024 inautaja uchaguzi wa mitaa, vijiji na vitongoji kuwa kazi ya Tume, lakini kwa masharti ya sheria itakayotungwa na Bunge. Novemba 2024 ilipofika, kazi ilikuwa bado mikononi mwa TAMISEMI. Maoni yangu ni kwamba hili linamuumiza mwananchi bila sababu. Serikali moja, mtu mmoja, nyumba ileile, halafu anaandikwa mara mbili ndani ya miezi sita na watu wawili tofauti, kila mmoja akimwambia "jiandikishe upige kura" bila kufafanua kura ipi. Tukiwalaumu watu kwa kutojua tunawaonea.

Na kitambulisho cha NIDA? Kile kinasema wewe ni nani. Hakisemi utapigia kura wapi. Kuwa nacho hakukuingizi kwenye daftari.

Kuboresha ni kufanya nini

Neno "uboreshaji" limewafanya wengi wadhani kila mtu anaandikwa upya. Hapana. Fikiria leja ya kikoba. Mwaka ukigeuka, katibu hatupi leja na kuanza nyingine. Anaongeza waliojiunga, anarekebisha aliyebadili jina baada ya kuolewa, anamwondoa aliyefariki. Wewe uliyemo na hujabadilika huguswi, na kile kitabu kidogo unachokaa nacho nyumbani ni kumbukumbu yako, lakini kinachoamua kama wewe ni mwanachama ni leja ya katibu. Daftari la wapiga kura liko vivyo hivyo, na kadi yako ndiyo kile kitabu kidogo.

Kwa hiyo kadi ya 2015 haijafa. Aliyeandikishwa kwa mfumo wa bayometriki, yaani wa picha na alama za vidole, mwaka 2015, au kwenye maboresho ya 2019 na 2020, na hajahama, hajapoteza kadi wala hajabadilisha taarifa zake, hakutakiwa kwenda kituoni mwaka 2025. Wanaotakiwa kwenda ni waliofikisha miaka 18 au watakaoifikisha kabla ya siku ya kura, waliohama, waliopoteza kadi au ambao kadi zimechakaa, na wenye makosa ya jina au tarehe ya kuzaliwa. Wapo pia wanaokwenda kwa ajili ya mtu mwingine, kutoa taarifa kwamba ndugu yao amefariki ili jina liondolewe. Hao ni wachache mno, na nitawarudia.

Sheria inaitaka Tume iboreshe daftari mara mbili kati ya uchaguzi mkuu mmoja na siku ya uteuzi wa wagombea wa uchaguzi unaofuata. Ndiyo maana baada ya Machi ikaja Mei. Machi ilikuwa awamu ya kwanza, na vituo vilikuwa vingi, mtaa kwa mtaa. Mei ilikuwa awamu ya pili, vituo vikiwa ngazi ya kata, na hapo daftari la awali likawekwa wazi watu wakague majina.

Watu wengi waliuliza mbona Kigoma walianza mapema hivyo. Uzinduzi ulifanyika Kigoma Julai 20, 2024, na Dar es Salaam tukafikiwa karibu miezi minane baadaye. Sababu ni vifaa. Mashine za kuandikishia hazitoshi nchi nzima kwa wakati mmoja, hivyo zinazungushwa: mkoa unapewa siku zake, kwa kawaida saba, kisha vifaa vinafungwa na kupelekwa mkoa mwingine. Siku saba kwa jiji kama hili ni chache, hasa kwa kuwa sisi tuna tabia ya kungoja siku ya mwisho. Aliyefika kituoni siku ya kwanza saa mbili asubuhi na aliyefika siku ya saba saa kumi jioni hawakukuta foleni moja.

Kituoni kwenyewe kazi si kubwa. Unakaa kwa mwandishi msaidizi, anajaza fomu ya taarifa zako. Unasogea kwa mwendesha kifaa. Unakaa kwenye kiti mbele ya kitambaa, unapigwa picha, unaweka vidole kwenye kifaa cha kuchukulia alama, unatia saini, na kadi inatoka hapohapo. Fundi ujenzi au mama anayefua nguo za watu kila siku mara nyingi hukaa pale zaidi kidogo, kwa sababu vidole vimelika na kifaa hakivisomi haraka. Anafutwa kidole, anajaribu tena. Hilo lisimtie mtu hofu wala aibu. Kama uko foleni nyuma yake, vumilia. Wazee, wajawazito, wanaonyonyesha na wenye ulemavu wanapaswa kupitishwa mbele bila kuomba.

Aliyemo daftarini tayari anaweza kuanzisha marekebisho yake kwa simu au kompyuta kwenye mfumo wa Tume, kisha akaenda kituoni kukamilisha. Mwandikishwa mpya hana njia ya mkato, lazima afike mwenyewe. Na Mtanzania aliyeko ughaibuni hana kituo huko aliko.

Kuhama, ugonjwa wa Dar es Salaam

Nadhani katika jiji hili hakuna jambo linalowakosesha watu kura kama kuhama. Wengi wetu ni wapangaji. Kodi ikipanda Sinza mtu anahamia Goba, akipata kazi Gongo la Mboto anahama tena, akijenga kibanda chake Chanika anahama mara ya tatu. Jina lake limebaki Sinza. Utaratibu unataka upige kura katika kituo ulichoandikishwa, kwa sababu unachagua pia mbunge na diwani wa mahali hapo. Ukifika kituo cha Chanika na kadi ya Sinza, karani hana jina lako mezani. Hajakunyima kura kwa chuki, jina lako liko kwenye kitabu kingine, kilomita nyingi kutoka pale.

Dawa ni kuhamisha taarifa wakati wa uboreshaji. Uvumi uliokuwa ukizunguka, kwamba ukienda kuhamisha unafutwa kabisa, si kweli: jina linatoka kituo cha zamani na kuingia kituo kipya, na unapewa kadi nyingine. Kosa kubwa ni kujifanya mpya. Wapo wanaoona aibu kusema wamepoteza kadi, au wanaofikiri kuandikishwa upya ni haraka zaidi kuliko kuhamisha, hivyo wanajiandikisha kama vile hawajawahi kuwemo. Kujiandikisha zaidi ya mara moja ni kosa la jinai, na mfumo unalinganisha alama za vidole. Jina unaweza kulitaja kwa namna nyingine, ukaongeza la babu, lakini vidole ni vilevile.

Kuna na kuhama ambako mtu hakuhama. Mei 2025 Tume ilitangaza majimbo mapya manane, na mawili yako hapa kwetu: Kivule, lililomegwa kutoka Ukonga, na Chamazi, lililomegwa kutoka Mbagala. Mkazi wa Chamazi aliyeandikishwa Machi akiwa jimbo la Mbagala alijikuta yuko jimbo jingine bila kunyanyua hata kigoda. Kugawanya jimbo hakufuti jina. Kata yako na kituo chako vinabaki, kinachobadilika ni karatasi ya wagombea ubunge utakayokabidhiwa. Hili lilipaswa kuelezwa kwa sauti kubwa zaidi kuliko lilivyoelezwa.

Na kadi ikipotea baada ya uboreshaji kwisha? Kwenye chaguzi za 2020 na 2025, Tume iliruhusu mwenye jina daftarini apige kura kwa kutumia pasipoti, leseni ya udereva au kitambulisho cha Taifa, alimradi taarifa zilingane. Hata hapo jina ndilo linalotangulia. Kadi nzuri isiyo na jina daftarini haikufikishi popote.

Hesabu kubwa na marehemu wetu

Kwa uchaguzi wa 2025 daftari lilikuwa na watu zaidi ya milioni 37.6. Mwaka 2020 lilikuwa na zaidi ya milioni 29. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, na karibu nusu yao ni watoto chini ya miaka 18. Watu walipoziweka hesabu hizi pamoja, wengi walishtuka, na sioni sababu ya kuwakaripia. Ni swali halali kabisa kwa mwananchi kuuliza.

Jambo la kuelewa ni kwamba sensa na daftari hazihesabu kitu kimoja. Sensa inahesabu waliolala nchini usiku fulani. Daftari linahesabu walioandikwa na hawajaondolewa. Miaka mitatu baada ya sensa, kundi kubwa la vijana limevuka miaka 18, na hao waliongeza daftari kwa haki. Lakini daftari pia linabeba waliofariki ambao hakuna aliyekwenda kutoa taarifa zao, na kwa desturi zetu ni nani, matanga yakiwa hayajaanuliwa, anakumbuka kadi ya kura ya marehemu? Familia inahangaika na mirathi, na watoto. Jina linabaki.

Maelezo haya hayafungi mjadala, na mimi siyatumii kuufunga. Jina la marehemu likibaki halina dhambi peke yake, hatari ni pale mtu mwingine anapoweza kulitumia. Kusafisha daftari kuna uzito uleule wa kuongeza wapya, ila hatukuwahi kuona matangazo ya "njoo umwondoe marehemu wako" yakipita mtaani kwa kishindo kama yale ya "njoo ujiandikishe". RITA, wakala wa Serikali wa usajili, inasajili vifo. Taarifa hizo zikifika daftarini kwa ukamilifu na kwa wakati, mzigo utawatoka wafiwa.

Nani anaandika jina lako

Mtaani wanasema anayeandikisha ni mjumbe wa nyumba kumi, au kijana wa chama. Sheria haisemi hivyo. Tume ina mratibu wa uandikishaji kwa kila mkoa. Chini yake wapo maafisa waandikishaji, na wasaidizi wao ngazi ya jimbo na ya kata. Unayekutana naye wewe ni wa mwisho kwenye mnyororo huo: mwandishi msaidizi na mwendesha kifaa cha bayometriki. Hao wawili ni watu wa kawaida walioomba kazi ya muda kupitia tangazo, wakafanyiwa usaili na kupewa mafunzo. Kabla ya kushika kifaa wanakula kiapo cha kutunza siri, na wanatoa tamko kwamba si wanachama wa chama chochote cha siasa, au kwamba wamejitoa.

Kwa hiyo kijana anayeambiwa "kazi za Tume lazima uwe na kadi ya chama" anaambiwa kinyume cha sheria. Kadi ya chama ndiyo kitu anachotakiwa asiwe nacho. Kama mtaani kwenu ajira hizo zilitolewa kwa kujuana, huo ni ukiukwaji, si utaratibu, na ni halali kuulalamikia.

Vyama vina nafasi yao pale kituoni kupitia mawakala. Wakala wa chama anakaa kuona nani anaandikishwa na kusaidia kumtambua asiye mkazi. Haandiki, hashiki kifaa, hakatazi mtu. Akiona tatizo anafuata njia ya pingamizi.

Ugomvi mkubwa uko juu zaidi ya hapo, kwa msimamizi wa uchaguzi wa jimbo, yule anayetangaza mshindi. Kwa miaka mingi sheria ilimpa kazi hiyo mkurugenzi wa halmashauri kwa cheo chake, na mkurugenzi huteuliwa na Rais, ambaye huenda naye ni mgombea. Mwanaharakati Bob Chacha Wangwe alikwenda Mahakama Kuu, na Mei 2019 mahakama ikasema vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo. Shauri likafika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoketi Arusha, na Juni 2023 ikaamua kwamba utaratibu huo unakiuka haki. Sheria ya 2024 haikuendelea kumtaja mkurugenzi moja kwa moja. Sasa Tume inateua kutoka miongoni mwa watumishi wa umma waandamizi.

Ni hatua, lakini nusu ya hatua. Mtumishi wa umma mwandamizi bado ana mwajiri, na mwajiri huyo ni Serikali iliyoko madarakani. Tume isiyo na watumishi wake wa kudumu wilayani itaendelea kuazima watu, na aliyeazimwa anajua baada ya uchaguzi anarudi kwa nani. Hili ndilo ninalotaka tulijadili kwa majina ya sheria na vifungu, badala ya kuishia kusema "wote ni walewale".

Kabla ya 2030

Tume italazimika kuliboresha daftari mara mbili tena kabla ya uteuzi wa wagombea wa 2030. Mwaka 2015, 2020 na 2025, zamu ya Dar es Salaam ilikuja mwishoni mwa ratiba, tayari ndani ya mwaka wenyewe wa uchaguzi. Ukilikosa dirisha hilo hapa jijini, muda wa kurekebisha ni mdogo kuliko wa mtu wa Kigoma.

Daftari la awali linapowekwa wazi, nenda ukasome ukurasa wa kituo chako wote, usiishie kwenye jina lako. Ukiona jina la jirani mliyemzika, au la mtu ambaye mtaa mzima haumjui, unayo haki ya kumwekea pingamizi kwa afisa mwandikishaji kama na wewe umo daftarini. Usiporidhika na uamuzi wake, njia ya mahakama iko wazi. Pingamizi hujazwa kwenye fomu, hutajwa sababu, na anayewekewa huitwa kujieleza. Fomu hizo hupatikana palepale daftari lilipobandikwa, na siku zake zikipita zimepita.